Injini ya Kupachika: Historia Fupi ya Istilahi za Chombo Ufipa na Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Kijiji cha Pito kiko kando ya mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali pasipo na gati wala chombo. Hata hivyo ni huko tulikopata funzo kuhusu istilahi za mashua ambalo hatukulipata pwani. Tulikuwa tumekabidhiwa kazi ya kutia katika Kiswahili karatasi moja ya maelekezo juu ya kuchagua injini ndogo ya mashua ya uvuvi. Kabla karatasi hiyo haijapigwa chapa, tuliisoma mbele ya mzee mmoja, mkulima wa mahindi na maharagwe, ambaye alikuwa akichanga fedha pamoja na mdogo wake anayevua upande wa Kasanga ili wanunue injini hiyo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akatuuliza maswali matatu.

"Mwalimu, hii injini ya akiba, tutaiweka nyumbani mpaka lini? Na hawa farasi wanane, majini wana kazi gani? Na hiyo tezi ya mashua, ni ugonjwa au ni kitu gani?"

Maneno yote matatu yamo katika kamusi, wala hapana hata moja lililokuwa kosa la sarufi. Lakini msomaji ambaye karatasi iliandikwa kwa ajili yake hakuelewa hata moja kati ya hayo, na fedha iliyokuwa ikingojea uamuzi wake ilikuwa mavuno ya nyumba mbili. Katika makala haya tutajaribu kueleza maneno hayo yametoka wapi, yalifikaje Ziwa Tanganyika, na kwa nini istilahi inayofaa katika chumba cha mikutano yaweza kushindwa penye shamba la maharagwe.

1. Lugha ya chombo na asili yake ya pwani

Kama tujuavyo, Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, kufuatana na uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliendesha kazi hiyo, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatokea mwaka 1939. Matokeo yake ni kwamba msamiati wetu wa vyombo ni msamiati wa watu wa bahari. Una utajiri mwingi, na utajiri huo umetoka pande nyingi. Usukani umetoka katika Kiarabu; nanga ina asili ya Kiajemi; mashua ina jamaa zake katika lugha za Bara Hindi. Meli, ambayo leo tunaiona kuwa Kiswahili kitupu, ni neno la Kiingereza lililotaja barua, kwa kuwa watu wa pwani waliijua kwanza kama chombo kinacholeta barua.

Katika utajiri huo mna maneno omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Mtu wa pwani husema, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kila msikilizaji huko huona chombo machoni pake. Bara mambo ni mengine. Katika nyanda za juu za kusini, ambako kwa muda mrefu chakula na maji vilipungukiwa na madini ya joto, wananchi wengi waliugua uvimbe wa shingo, na uvimbe huo huitwa tezi. Basi karatasi iliyosema kwamba injini ifungwe kwenye tezi ilimpeleka mzee wetu hospitali badala ya kumpeleka ziwani.

Isidhaniwe kwamba watu wa ziwa hawakuwa na ujuzi wa vyombo mpaka maneno ya pwani yalipofika. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta uvuvi uliostawi. Dagaa walivuliwa usiku kwa mwanga wa moto, kwa wavu wa kuchotea ambao watu wa ziwa wanauita lusenga. Baadaye moto wa kuni ulipisha taa za karabai, na nyavu kubwa zikaingia, lakini shina la kazi lilibaki lile lile: giza, mwanga, na mtumbwi unaokwenda kwa kasia. Kiswahili kilikuta kazi hiyo ikiwa na maneno yake, kikayachukua baadhi yao, kikayaacha mengine.

2. Moshi ziwani

Mwezi wa Aprili 1867 Livingstone alifika ncha ya kusini ya ziwa, akaandika jina alilolisikia huko: Liemba. Miaka michache baadaye mitambo ya moshi ilianza kufika. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa Kiingereza walileta kwa vipande, kupitia Ziwa Nyasa na nyanda zilizo kati ya maziwa mawili, chombo kidogo cha moshi kilichoitwa Good News, nacho kikaungwa kusini mwa ziwa. Wajerumani wakaleta Hedwig von Wissmann, na kisha meli kubwa zaidi, Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915.

Injini za petroli nazo zilionekana ziwani wakati wa vita. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walishusha boti mbili ndogo za mwendo kasi, zilizokuwa zimevutwa nchi kavu kutoka Afrika ya Kusini kupitia Kongo. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou. Msomaji wa Kiswahili asikosee: Mimi hapa si kiwakilishi cha nafsi, bali ni sauti ya paka katika maneno ya watoto wa Kifaransa, na Toutou ni mbwa. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Hivyo meli ya kigeni ilipewa jina la ziwa lililotamkwa na wenyeji wa kusini, na bandari ya Kasanga, iliyokuwa ikiitwa Bismarckburg na Wajerumani, nayo ikarudia jina la wenyewe.

Katika kipindi hicho Kiswahili kilipata maneno manne ya kutaja kitu kimoja au vitu vilivyokaribiana: stima, mtambo, mashine na injini. Stima ilitaja chombo chenyewe, na polepole ikapisha meli. Mtambo ni neno letu la zamani. Lilitaja kifyatuo cha mtego, na mtambo wa bunduki, kabla ya kutaja kiwanda. Mashine na injini yalitoka katika Kiingereza. Warsha za mafundi ziliyagawia maneno hayo kazi bila kungojea kikao: mtambo ukawa mkubwa usiohama; mashine ikawa jina la jumla; injini ikawa ile inayotoa nguvu ya kuendesha kitu kingine. Ni vema mfasiri auheshimu mgawanyo huo, kwa maana umekwisha kukubaliwa na watumiaji.

3. Kupachika

Injini inayowekwa nyuma ya mashua na kuondolewa kazi inapokwisha ni mdogo wa hizo zote. Huko Marekani, Cameron Waterman alitangulia kuuza injini za namna hiyo, na mwaka 1909 Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwe aliyeishi Milwaukee, akaanza kuuza yake, ambayo ndiyo iliyoenea. Uingereza ilitoa Seagull katika miaka ya 1930, na mwaka 1960 Yamaha ya Japani ikatoa injini yake ya kwanza ya namna hiyo. Jina la Kiingereza la mashine hii linaeleza mahali ilipo: nje ya ubao wa chombo. Wafasiri wa kwanza walifuata njia hiyo hiyo, wakaandika injini ya nje. Jina hilo halikushika, na sababu yake ni dhahiri: mtu akisikia injini ya nje huelewa injini iliyotoka nchi za nje, na kwa kweli injini zote zilitoka huko.

Wavuvi na maofisa wa uvuvi walipata neno bora, nalo ni injini ya kupachika. Kupachika ni kutia kitu mahali pake kikashika bila kuwa sehemu ya mahali hapo, kama mtu apachikavyo kisu mshipini au mshale katika upote wa upinde. Neno hili linataja tendo ambalo kila mtu hulifanya mwenyewe: huibeba injini begani, huipachika, huikaza kwa parafujo mbili, na jioni huipachua akaenda nayo nyumbani isiibiwe. Neno limezaliwa kwa kuangalia kazi, si kwa kuangalia neno la kigeni. Kwa hiyo linaeleweka Kasanga, na linaeleweka Pito.

Kwa sehemu za injini hiyo njia ni ile ile. Kinachosukuma maji, pwani wanakiita rafadha, neno lenye asili ya Kiarabu, na sisi tunaona libaki, maadamu mara ya kwanza likielezwa kuwa ni panga zinazozunguka majini. Bomba refu linaloshuka toka kichwa cha injini mpaka kwenye rafadha, mafundi huliita shafti, ingawa shafti hasa ni chuma kinachozunguka ndani yake. Sisi tulipendekeza mguu wa injini. Baadhi ya wenzetu waliona neno hilo ni la mzaha. Lakini Ufipa ni nchi ya wahunzi wa kale. Matanuri yake marefu ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, yalizidi kimo cha mtu, nayo yalisemwa na kupambwa kama bibi arusi. Watu waliokuwa wakilitazama tanuri kama mwili hawatashangaa injini ikipewa mguu.

Na mguu huo ni jambo la fedha, wala si la lugha peke yake. Injini hizi hutengenezwa kwa miguu ya vipimo viwili vilivyo vya kawaida: mfupi, kwa ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na mrefu, kwa ubao wa sentimita 51 hivi. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu huiacha rafadha karibu na uso wa maji, ikavuta hewa na kuzunguka bure. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi huburuta majini na kugonga mawe ufukoni. Aidha, mtumbwi uliochongwa wenye ncha pande zote mbili hauna ubao wa nyuma hata kidogo. Ni lazima utengenezewe kishikio cha ubavuni kwanza. Karatasi yetu ilipoandika tezi, ilificha kipimo kile hasa ambacho mnunuzi anapaswa kukichukua kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kwa hiyo tulifuta tezi tukaandika ubao wa nyuma wa mashua. Tezi ibaki katika fasihi na katika vinywa vya mabaharia, ambako haina mashaka.

4. Farasi wanane

Swali la pili la mzee lilikuwa gumu zaidi. Kipimo cha nguvu-farasi kilianzishwa na James Watt mwishoni mwa karne ya 18, alipotaka kuwaonyesha wanunuzi ni farasi wangapi ambao mashine yake ya mvuke ingechukua nafasi yao. Alikadiria kwamba farasi mmoja aweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vya leo ni wati 746. Uingereza ilikuwa na farasi kila kinu. Ufipa farasi si mnyama wa kazi. Basi tulitafsiri neno, lakini mfano uliomo ndani ya neno haukuvuka bahari.

Hatukushauri neno libadilishwe, kwa kuwa limekwisha kuchapwa juu ya injini zenyewe. Tulichofanya ni kuongeza maelezo yanayotokana na kazi ya msomaji: nguvu-farasi moja ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 75, yaani robo tatu ya gunia la mahindi la kilo 100, kwa kimo cha takriban mita moja katika kila sekunde. Mtu mzima apigaye kasia kwa saa kadhaa hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Mzee alifanya hesabu mwenyewe: injini ya nguvu-farasi nane ni kama watu themanini wenye makasia. "Basi hiyo ni kubwa," akasema.

Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza kueleweka. Mashua nzito inayopasua maji, tofauti na boti nyepesi inayopanda juu ya maji, ina mwendo ambao haiupiti kwa urahisi, nao hutegemea urefu wake. Mashua yenye urefu wa mita 6 majini hufikia kama kilomita 11 kwa saa. Yenye mita 9, kama kilomita 13 na nusu. Kukaribia mwendo huo, desturi ni kuhesabu nguvu-farasi tatu au nne kwa kila tani ya chombo pamoja na watu, nyavu na samaki. Mashua ya tani mbili, basi, hutoshewa na nguvu-farasi sita hadi nane. Anayeipachikia nguvu-farasi 25 hapati mwendo mara tatu; hupata mawimbi makubwa nyuma yake na gharama ya mafuta. Injini ndogo ya petroli ya mapigo mawili, ikikimbizwa mwisho, hunywa nusu lita au zaidi kwa saa kwa kila nguvu-farasi.

Jambo moja zaidi ni la Ufipa peke yake. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Injini iliyojaribiwa mjini ndani ya pipa la maji itaonekana dhaifu, na plagi yake itashika masizi. Ikishuka Kasanga itapata nguvu. Mnunuzi asiyejua hayo huenda akakataa injini nzuri, au akanunua kubwa kupita haja.

5. Saidizi na akiba

Tunarudi kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo lenye uzito kupita yote. Neno la Kiingereza tulilokuwa tukilifasiri hutaja injini inayosaidia njia nyingine ya kuendesha chombo. Lilianza kutumiwa kwa merikebu za matanga zilizofungwa mashine ndogo ya mvuke ili zipate kwenda upepo ukipungua. Tanga ndilo mkuu, injini ni msaidizi wake, na vyote viwili hufanya kazi katika safari moja. Akiba ni neno jingine. Akiba huwekwa, haitumiwi. Hutolewa siku ya dhiki. Mzee wetu, aliye na ghala la ulezi, alijua maana ya akiba kuliko sisi, na ndiyo maana aliuliza itawekwa nyumbani mpaka lini.

Wala hatusemi kwamba akiba ni kosa kila mahali. Ziko mashua ziwani zinazokwenda kwa injini kubwa na kubeba ndogo ili zirudi nyumbani kubwa ikiharibika katikati ya maji. Hiyo ndiyo injini ya akiba, na huchaguliwa kwa masharti yake: iwe nyepesi, ipendelee mafuta yale yale ya kubwa, iwashwe kila wiki ijapokuwa haina kazi. Mashua ya mdogo wa mzee ilikuwa na tanga na makasia. Yeye alihitaji injini ya kila siku, ya kumtoa ufukweni alfajiri na kumrudisha katika miezi ya kusi, tangu Mei hadi Agosti, upepo unapokuwa mkali. Hiyo huchaguliwa kwa masharti mengine: rafadha yenye mapanga mapana yasiyolala sana, inayosukuma mzigo badala ya kukimbiza wepesi, mafuta yatakayotosha kwenda na kurudi, na vipuri vinavyopatikana Sumbawanga.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili pale ambapo wafasiri wametumia moja. Injini saidizi iwe ile inayofanya kazi pamoja na tanga, kasia au njia nyingine. Injini ya akiba iwe ile inayongojea nyingine iharibike. Neno saidizi halina ugeni. Kila mwalimu wa sarufi amefundisha kitenzi kisaidizi, nacho hakikai kabatini, bali husimama pamoja na kitenzi kikuu katika sentensi ile ile.

6. Onyo moja kwa wafasiri

Lipo kosa jingine ambalo tulilikuta katika karatasi hiyo hiyo, na kosa lilikuwa letu. Injini za mapigo mawili hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Tuliandika "mchanganyiko 50 kwa 1" bila kutaja kipi ni hamsini na kipi ni moja. Katika lugha ya mafundi haina haja kutaja. Katika karatasi ya wananchi ni lazima. Tukaandika upya: petroli lita 10, oili robo lita kasoro kidogo, yaani mililita 200. Tena tukaongeza kwamba injini kuukuu zina kipimo chao. Seagull za zamani zilihitaji lita 1 nzima ya oili kwa lita 10 za petroli, na atakayezipa kipimo cha leo atazikwamisha.

Hitimisho

Kanuni ya kuunda istilahi, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limeifuata tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, yajulikana: tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za nchi yetu, ndipo tukope nje. Mfano wa injini ya kupachika waonyesha kwamba kutafuta katika Kiswahili si kutafuta katika kamusi peke yake. Neno tezi lilikuwa katika kamusi, likashindwa. Neno kupachika lilikuwa mikononi mwa wavuvi, likafaulu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwamba kila karatasi inayomwelekeza mwananchi atoe fedha, isomwe kwa sauti mbele ya mwananchi mmoja kabla haijapigwa chapa, na maswali yake yaandikwe.

Tulirudi Pito na karatasi mpya baada ya majuma matatu. Mzee alisikiliza, safari hii bila kuuliza juu ya farasi wala ugonjwa. Alipofika penye ubao wa nyuma alitusimamisha, akamwita mjukuu wake, akamwambia aandike barua Kasanga: mdogo wake apime kwanza kimo cha ubao huo kwa sentimita, kisha alete jibu, na fedha isitolewe mpaka jibu lifike.